Kikohozi cha Mwalimu Gregori

Kijiji cha Kitopeni kiliamka kwa sauti ya mapauro. Jua likichomoza tu, watu waliteremka kwenye majaruba ya chumvi, yale madimbwi mapana yenye kina kifupi ambamo maji ya bahari hufungiwa yakauke. Wanaume walipara chumvi kwa mapauro. Wanawake waliibeba kwa ndoo. Watoto walisaidia mpaka kengele ilipolia, kisha wakakimbilia shule, miguu yao ikiwa myeupe mpaka magotini.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Majaruba yaliyokuwa ya ushirika yalikuwa yameshanunuliwa na mtu binafsi. Gulioni mitumba ilijaa kuliko kanga mpya. Watu walisema dunia sasa ni ya kila mtu na lake, na asiye na elimu ataachwa nyuma. Walisema hivyo kwa unyonge, maana shule yao wenyewe walikuwa wakiiogopa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo alifika mwalimu mpya. Aliitwa Romana, mzaliwa wa Rondo, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Alipewa darasa la saba. Alipata chumba katika nyumba ya Bi Mastura, bibi aliyepoteza macho miaka mingi nyuma, ambaye kila alasiri aliwasomesha watoto Kurani barazani kwake. Katika nyumba hiyo aliishi pia Bakary, mtoto wa Bi Mastura, mpara chumvi, pamoja na binti yake Maimuna. Mama yake Maimuna alikuwa amefariki. Maimuna alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa mmoja wa wanafunzi wa darasa la saba.

Shule ilikuwa jengo moja refu la mawe, mwisho wa kijiji. Nyuma yake palikuwa na makaburi ya kale, ya watu ambao hakuna aliyejua hata majina yao. Upepo ukivuma kutoka baharini, mchanga wa makaburini uliingia madarasani na kutanda juu ya madawati.

Siku ya kwanza, Romana aliandika neno moja ubaoni: mvukizo. Akauliza nani anajua maana yake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Watoto wote arobaini walisimama pamoja, wakatazama ukuta wa mbele, wakajibu kwa sauti moja.

"Mvukizo ni hali ya kimiminika kugeuka kuwa mvuke kwa sababu ya joto."

Kisha wote wakakohoa. Mara mbili. Kikohozi kikavu cha mtu mzima. Halafu wakaendelea.

"Mfano ni maji yanayoanikwa juani."

Romana alidhani ni vumbi. Akawaomba warudie. Walirudia neno kwa neno, na walipofika palepale wakakohoa tena, mara mbili. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Saa ya mapumziko alimweleza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alifunga mlango kwanza. Kwa sauti ya chini alimweleza kwamba darasa lile lilifundishwa miaka minne na Mwalimu Gregori. Vitabu havikuwapo, kwa hiyo mwalimu yule alisoma maelezo kwa sauti, watoto wakayaandika na kuyaimba mpaka yakawakaa kichwani. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, lakini kifua kilimsumbua. Alifariki mwezi wa kumi na moja, akazikwa kwao bara. Watoto walikuwa wamemeza maneno yake pamoja na kikohozi chake. Mwalimu mkuu alimshauri awaache hivyohivyo. Hakuna darasa lililokariri vizuri kama lile, alisema, na kila mkaguzi aliyepita alilisifu.

Romana hakutulia. Siku ya pili alimwita mtoto mmoja asimame peke yake. Alionyesha dirishani, ambako majaruba yalimeremeta juani, akamuuliza maji yale yakikauka yanakwenda wapi. Mtoto alimtazama kwa macho makubwa. Muda ukapita. Akaanza, "Mvukizo ni hali ya kimiminika..." Romana akamzuia na kumwomba aseme kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto akanyamaza kabisa. Alisimama vile mpaka Romana alipomwambia akae, na hata alipokaa aliendelea kutazama ukuta.

Wiki hiyohiyo Romana alifanya jambo lililomnyima raha kwa siku nyingi. Alitaka kujua kama watoto wanasikiliza. Aliandika ubaoni sentensi ya uongo: "Maji ya bahari hayana chumvi." Akawaambia wanakili. Watoto arobaini, wenye chumvi kwenye nywele na kope, waliinama na kuandika. Kisha, bila kuambiwa, wakasimama na kuiimba. Maji ya bahari hayana chumvi. Maji ya bahari hayana chumvi. Romana alifuta ubao upesi, akawaeleza kuwa ile haikuwa kweli. Wakaitikia wote, "Ndiyo mwalimu," kwa sauti ileile moja.

Jioni hiyo Bakary alimweleza habari za kijiji. Kwa miaka tisa hakuna mtoto wa Kitopeni aliyechaguliwa kwenda sekondari. Watoto walikariri vizuri, walikwenda kwenye mtihani, wakarudi wakisema kichwa kilikuwa kitupu. Wazee waliamini kwamba maneno yanayosemwa katika shule ile hunywewa na mchanga wa makaburini. Sasa walisema na Mwalimu Gregori naye amebaki humo, anatumia vinywa vya watoto. Yeye Bakary hakuwa mtu wa kuamini kila kitu. Lakini hata mkewe alipozikwa hakukaribia kulia kama siku aliyomsikia binti yake akikohoa kwa sauti ya mwalimu yule aliyekufa.

"Chumvi ikianza kukomaa baada ya masika nitamtoa shule," alisema. "Atapara na mimi. Bora nimwone mbele ya macho yangu."

Romana aliomba apewe muda.

Masika yalikuja, barabara zikakatika, majaruba yakajaa maji ya mvua. Romana alifundisha alivyojua. Aliandika maelezo zaidi. Aliwasomesha mara kumi badala ya tano. Kikohozi hakikuondoka. Baya zaidi, maelezo mapya aliyowasomesha yeye mwenyewe, watoto nao waliyaimba kwa sauti yake, pamoja na ile lafudhi yake ya Rondo ya kurefusha neno la mwisho. Siku moja alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye vinywa arobaini. Ilimbidi atoke nje ashike ukuta.

Jumamosi moja, masika yalipokwisha, Romana alikuwa akifua adhuhuri uani. Kijiji kilikuwa kimya kwa joto. Akasikia sauti kutoka upande wa shule. Ilikuwa nzito, ya pole, haina mapumziko. Kisha akasikia kikohozi. Mara mbili.

Aliacha nguo kwenye beseni akaifuata. Shule ilikuwa imefungwa. Sauti ilitoka nyuma, makaburini. Alizunguka jengo polepole. Kwenye jiwe moja la kaburi alikaa Maimuna, daftari likiwa wazi mapajani. Alisoma bila kupepesa macho. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Ile sauti ya kiume ilikuwa ikitoka kwake. Romana alimwita mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alimgusa bega. Msichana alishtuka kama aliyeamshwa usingizini.

Romana alikaa naye juu ya jiwe. Alimuuliza amekaa hapo tangu lini. Maimuna alisema tangu asubuhi. Alikuwa anasoma ukurasa uleule mmoja. Baba yake alikuwa amesema atamtoa shule, naye alitaka kuonyesha kwamba anajua.

"Nikisoma, mwalimu, naona yote. Kila kitu nakijua," alisema Maimuna. "Nikifunga daftari panakuwa peupe. Peupe kama jaruba lililokauka. Nahisi kuna mtu nyuma yangu anafuta."

"Umemwona?"

"Nikigeuka hayupo."

Mchanga ulipita juu ya kaburi ukitoa sauti ndogo. Romana hakuweza kusema kwamba hakuna mtu. Alimshika mkono tu, wakarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata lori la kwanza baada ya masika lilimleta Eusebio. Alikuwa mkufunzi wa kituo cha walimu, Mmakonde mwenye mvi, suruali yake imepigwa kiraka vizuri. Kazi yake ilikuwa kuzungukia shule za mbali kuwasaidia walimu. Alikaa darasani kwa Romana siku nzima bila kusema neno. Aliposikia kikohozi, kalamu yake ilisimama. Jioni aliketi barazani na Romana na Bi Mastura, naye Bakary akaja akakaa kizingitini, akisikiliza.

Romana alimweleza yote, na makaburi pia. Alitegemea Eusebio acheke. Hakucheka.

"Mambo ya makaburi siyajui, siwezi kuyasema," Eusebio alijibu. "Ya kichwa cha mtoto nayajua kidogo. Nikuulize. Nyumba hii umekaa miezi mitano. Baraza hii ina ngazi ngapi? Usizitazame."

Romana alipanda na kushuka ngazi zile kila siku. Akasema tatu. Halafu akasema labda tano. Bakary naye, aliyezaliwa katika nyumba ile, alisema tatu.

"Ziko nne," alisema Bi Mastura kutoka kwenye mkeka wake. "Ya pili imemeguka upande wa kulia."

Eusebio aligeuka kumtazama bibi asiyeona, akamsogelea kwa heshima, akamuuliza amejuaje.

"Mwenye macho, mwanangu, ngazi humwonyesha zenyewe," Bi Mastura alisema. "Mimi hakuna wa kunionyesha. Kila nikifika lazima nizikumbuke. Nikikosea nadondoka."

Eusebio akamwambia Romana kwamba bibi amemaliza somo. Kuona kitu mara nyingi si kukijua. Mtoto akisoma ukurasa mara ishirini, ukurasa unakuwa mwenyeji machoni pake, naye anadhani amejifunza. Lakini kichwa hakijafanya kazi yoyote, maana jibu liko wazi mbele yake. Siku ya mtihani daftari halipo, na kichwa hakijawahi kuzoeshwa kulitafuta jibu chenyewe. Ndipo panapokuwa peupe. Aliyekuwa akimfutia Maimuna ni daftari lenyewe lililokuwa wazi wakati wote.

Alisema watafiti wa nchi nyingi walikuwa wamelipima jambo hilo kwa miaka mingi. Mtu anayesoma, akafunga kitabu, akajiuliza na kuhangaika kukumbuka, baada ya wiki hukumbuka mengi kuliko anayesoma tena na tena. Kule kuhangaika ndiko kujifunza kwenyewe. Hata akikosa jibu si hasara, mradi afungue kitabu papo hapo ajisahihishe.

Romana aliuliza kama basi awaulize watoto maswali mengi siku moja mpaka wapate yote. Eusebio alitikisa kichwa. Alisema kusahau kidogo ni sehemu ya kazi. Somo la leo liulizwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kila likirudiwa baada ya kukaribia kusahaulika, linashika zaidi. Aliyekariri yote siku moja husahau yote upesi.

Hapo Bi Mastura alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema hivyo ndivyo yeye alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, na ndivyo anavyofundisha. Mtoto hapewi aya mpya kabla hajasikilizwa ya jana, na ya juzi, na ile ya mwezi uliopita, msahafu ukiwa umefungwa, mmoja mmoja. Alishangaa kusikia kwamba shuleni wanaimba kwa pamoja.

"Wakiimba arobaini, utajuaje nani amebebwa?" aliuliza.

"Kweli, bibi," alisema Eusebio. "Lakini darasani kuna moja zaidi. Mtoto aseme pia ni kwa nini. Aseme kwa maneno yake, atoe mfano wake. Asiyeweza kutoa mfano wake bado hajaelewa, hata akikariri bila kukosea."

Siku mbili alizobaki, Eusebio alifundisha pamoja na Romana. Daftari hazikuwa za kutosha kufanyia majaribio kila siku, kwa hiyo waliwatoa watoto nje kwenye mchanga wa nyuma ya shule. Kila mmoja alikaa mbali na mwenzake. Mwalimu aliuliza swali, watoto wakaandika jibu mchangani kwa kidole kabla mtu yeyote hajasema. Halafu walifungua daftari, wakalinganisha, wakafuta na kuandika upya palipokosewa. Siku ya kwanza mchanga ulibaki mtupu mbele ya watoto thelathini na tatu. Wengine walilia. Maimuna aliandika neno moja, akalitazama kwa hofu kama linaweza kuzama.

Lori lilimchukua Eusebio, na Romana akabaki peke yake na kazi ngumu. Kila somo alilianza kwa maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la zamani. Katika hesabu aliacha kuwapa maswali kumi ya namna moja. Aliyachanganya, sehemu, asilimia na maumbo, ili mtoto aamue mwenyewe njia ipi inafaa. Mwanzoni walikosa zaidi kuliko zamani. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni mara kwa mara. Alisema darasa lisilo na sauti ni darasa lisilo na mwalimu. Romana alimwomba avumilie mpaka mwezi wa nane.

Kimya hicho ndicho kilichowatisha watu wa kijiji. Kwa miaka mingi walikuwa wakiisikia shule kutoka majarubani. Sasa hawakusikia kitu. Waliopita njia walisema watoto wamekaa makaburini kila mmoja peke yake, wameinamisha vichwa, vidole vikitembea mchangani, wala hawazungumzi. Walisema mwanamke yule wa bara amemaliza kazi aliyoianza marehemu.

Bakary, aliyekuwa ameahirisha kumtoa Maimuna tangu jioni ile ya Eusebio, alisikia maneno hayo akipara. Asubuhi moja ya mwezi wa nane aliacha pauro kwenye jaruba, akaenda shule kumchukua binti yake. Alisimama dirishani. Watoto arobaini walikuwa wameketi, daftari zimefungwa, midomo imefumba. Wengine walifumba macho. Hakuna hata mguu uliosogea. Bakary alishika fremu ya dirisha. Alisema baadaye kwamba alihisi amechungulia mahali asipotakiwa.

Romana alimwona, akatoka. Bakary alimwambia amekuja kumchukua Maimuna. Romana hakubishana naye.

"Mchukue, Baba Maimuna. Ni mtoto wako," alisema. "Lakini kwanza ingia, muulize jambo moja. Uliza la majarubani, ambalo mimi silijui na sijamfundisha."

Bakary aliingia. Watoto walisimama wakamwamkia, naye akaitikia. Kisha akamuuliza binti yake kwa nini majaruba yanachimbwa mapana na ya kina kifupi, na si shimo moja refu linaloingiza maji yaleyale.

Maimuna alitazama sakafu. Bakary alisubiri kikohozi. Alikuwa amejiandaa kukisikia; mkono wake ulikuwa tayari umefika mlangoni. Kimya kilirefuka mpaka Romana mwenyewe akaanza kuogopa, lakini alikuwa ameshajifunza kutokuwaharakisha.

"Ni kama kanga, baba," Maimuna alisema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye kutetemeka kidogo. "Ukifua kanga ukaiacha imekunjwa, inashinda imelowa. Ukiitandaza kambani inakauka mara moja. Maji ni yaleyale, lakini yakitandazwa jua na upepo vinayagusa mengi. Huo ndio mvukizo. Kwenye shimo refu jua linagusa ya juu tu. Tungengoja mpaka masika yarudi."

Bakary alikuwa amepara chumvi tangu ana miaka kumi. Alijua kwa mikono kwamba jaruba likizidi kina, chumvi haiji. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia sababu, wala hakuwahi kujiuliza. Alirudia kimoyomoyo: kama kanga. Alimuuliza Romana ni lini alimfundisha maneno yale. Romana alisema hajawahi, na kwamba hata yeye ameyasikia leo.

Bakary alitoka bila kumchukua mtu. Alirudi majarubani, na wenzake walipomuuliza, aliwaeleza habari ya kanga. Siku chache baadaye wanawake wawili walikuja kusimama dirishani, kisha wazee. Romana aliwaomba waulize na wao.

Hakuna aliyejua kikohozi kilikoma siku gani. Romana aligundua tu, wiki moja mwezi wa tisa, kwamba muda mrefu umepita bila kukisikia. Watoto nao waligundua. Mmoja wao, Sadick, alinyoosha mkono katikati ya somo la jiografia, akauliza kwa sauti ndogo kama Mwalimu Gregori ameondoka. Darasa zima liliacha kuandika. Romana alisema Mwalimu Gregori aliwapa alichokuwa nacho, akachoka, na sasa amepumzika. Siku hiyo baada ya masomo watoto walifagia makaburi ya nyuma ya shule. Hakuna aliyewatuma.

Mtihani ulikaribia. Zamani, siku za mwisho watoto walikesha wakikariri. Romana aliwakataza. Aliwaambia alivyoambiwa na Eusebio, kwamba kichwa hupanga mambo yake mtu akiwa amelala, na anayekesha anamwaga alichokiteka. Bakary aliulinda usingizi wa binti yake kama mlinzi. Ikifika saa tatu alizima koroboi mwenyewe.

Siku ya mtihani, Maimuna alirudi saa tisa alasiri, miguu ina vumbi. Baba yake na bibi yake walikuwa wakimngoja barazani. Alisema kwenye swali la nne pamekuwa peupe. Akaendelea kwamba alikumbuka si mara ya kwanza, hata mchangani huwa panakuwa peupe. Akafumba macho, akangoja. Kidogo kidogo jibu likaja.

Matokeo yalifika mwezi wa kumi na mbili, kwenye karatasi moja iliyobandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Watoto watano wa Kitopeni walichaguliwa kwenda sekondari. Baada ya miaka tisa, watano. Maimuna alikuwa wa pili. Sadick hakuchaguliwa. Alikwenda majarubani, lakini hakuacha kujiuliza maswali, na haukupita mwaka akawa ndiye anayeulizwa na wazee jaruba jipya lichimbweje. Mwalimu mkuu, kwa upande wake, aliwaagiza walimu wa madarasa yote waanze masomo kwa maswali matatu, daftari zikiwa zimefungwa. Mwaka uliofuata ilionekana kawaida, kana kwamba shule ile ilikuwa hivyo tangu zamani.

Maimuna alipangiwa shule ya Lindi mjini. Angekaa Mtanda, kwa shangazi yake. Hakuwa amewahi kufika Lindi. Bakary naye alikuwa amefika mara mbili tu. Siku tano kabla ya safari alimweleza binti yake njia, mara moja, taratibu. Tangu siku hiyo kila aliposahau kwamba ameshamweleza, alitaka kuanza upya.

Asubuhi ya safari alimbebea sanduku la bati kichwani mpaka penye lori. Watu walikuwa wameshapanda juu ya magunia ya chumvi. Bakary alimpakia sanduku, akalifunga kwa kamba, akaijaribu kamba mara tatu. Kisha akaanza kusema kwamba akishuka stendi asiende upande wa sokoni.

Maimuna aliinua mkono.

"Usiniambie, baba. Ngoja nikumbuke."

Akafumba macho. Dereva alipiga honi. Bakary alisimama kimya, midomo ikimcheza kwa hamu ya kumsaidia, lakini hakusema.

"Nikishuka stendi, soko naliacha mkono wa kushoto," alisema Maimuna. "Naifuata barabara ya kupanda mpaka mashine ya kusaga. Hapo nakata kulia. Nyumba ya tatu ina cherehani barazani. Namuulizia Emerensiana, mshonaji. Yeye atanipeleka mpaka kwa shangazi."

"Na usipomkuta?"

Maimuna alifikiri. Hilo hakuwa ameambiwa.

"Nitakaa barazani kwake ningoje. Cherehani haiachwi nje bila mwenyewe. Atakuwa yupo karibu."

Bakary alicheka, akageukia pembeni afute macho. Lori liliondoka. Alisimama mpaka vumbi lilipotulia, kisha akashika njia ya kurudi majarubani peke yake. Mbele kidogo alijikuta anaitaja ile njia kwa sauti, soko mkono wa kushoto, mashine ya kusaga, kata kulia, nyumba ya tatu. Alipokosea alisimama, akafikiri, akaanza tena, ili binti yake akikata kona yoyote kule Lindi, yeye awe anajua amefika wapi.